Utomvu wa mnyaa umeingia jichoni: usingoje kesho

Mnyaa ni upi?
Ule wa uzio, vijiti vya kijani vilivyobanana, majani huyaoni. Dar es Salaam umejaa Kigamboni, Chanika na kokote ambako mtu alizungushia kiwanja kabla hajapata pesa ya matofali. Ukikata tawi, unachuruzika utomvu mweupe.

Unaifanyia nini ngozi?
Una kemikali za kundi la diterpeni zinazozichochea seli za ngozi kuanzisha uvimbe. Saa chache baadaye ngozi inawaka, inavimba, pengine malengelenge. Utomvu hauchomi papo hapo kila mara, na hapo ndipo watu wanaponaswa: unapangusa mkono kwenye suruali, unaendelea na panga, kisha unafuta jasho usoni. Ngozi ioshe kwa sabuni na maji.

Ukiingia jichoni?
Osha. Maji safi mengi, ya bomba au ya ndoo, mtu akushikie kope, dakika 15 hadi 30. Halafu hospitali, siku hiyohiyo.

Maziwa ya mama hayasaidii?
Hapana. Tafadhali, hapana. Nilimpokea hospitalini kijana aliyepunguza uzio Jumamosi, akaja Jumanne kope zimegandana. Shemeji yake alikuwa akimkamulia maziwa jichoni asubuhi na jioni. Tulipotia tone la rangi ya uchunguzi, karibu kioo chote cha mbele ya jicho kiling'aa kijani: kimechubuka. Bomba lilikuwa palepale uani.

Maumivu yakipoa, bado nije?
Njoo. Mchubuko unaweza kupanuka siku ya pili, na ukiingiwa na vijidudu unaacha kovu juu ya mboni. Osha, njoo.

Nikinunua matone duka la dawa?
Baadhi yana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Kwenye jicho lenye kidonda yanawapa vijidudu nafasi. Pima kwanza.

Na alovera?
Huyo ni mshubiri, hana ukoo na mnyaa. Ute wake angavu wengi hauwadhuru. Kinachowasha ni ule utomvu wa manjano, mchungu, chini ya ganda. Lisimamishe jani lichuruzike, lioshe, ndipo umenye. Jichoni usitie.

Mtaani wanapaka mnyaa kwenye chunjua.
Najua, nawaona. Unaunguza chunjua na ngozi jirani. Kwa mtoto usithubutu kabisa: atajikuna, atafikicha macho, na usiku huohuo mtakuwa mnatafuta maji. Hapo osheni, na mje usiku huohuo.