Ralph Levy na komedi za mwanzo za TV: mambo ambayo watu wanayakosea

Kila watu wakianza kuongelea komedi za zamani za TV ya Marekani utasikia Lucille Ball, utasikia Jack Benny, utasikia George Burns na mkewe Gracie Allen, basi. Ralph Levy hatajwi, na mimi hiyo inaniuma, manake huyu jamaa ndiye dairekta aliyewapokea karibu wote hao walipokuwa wanaingia kwenye TV kwa mara ya kwanza, tena alikuwa bado kijana, kazaliwa Philadelphia 1920.

Dhana inayosambaa sana ni kwamba wale wachekeshaji walikuja wakiwa wameshaiva kwa hiyo dairekta alikuwa mtu wa kuelekeza kamera tu. Ndiyo, walikuwa wameiva, lakini kwa jukwaa na redio. Kwenye redio unasimama mbele ya maiki na karatasi yako mkononi unasoma, mlango ukifunguliwa ni sauti tu ya fundi wa studio. TV ya laivu ni kitu kingine kabisa, mistari yote iwe kichwani, ujue unasimama wapi, unaingilia mlango upi, na kule chumba cha mitambo dairekta anaangalia picha za kamera zote na kuamua papo hapo ipi iende hewani, akikosea watazamaji wameshaona na hakuna kurudia. Mchukue Jack Benny, ambaye Levy aliongoza vipindi vyake vya kwanza vya TV kuanzia 1950. Silaha ya Benny ilikuwa kunyamaza. Anaambiwa neno la kumchoma, anageuka taratibu, anaangalia watu, hasemi kitu, na watu wanavunjika mbavu. Sasa dairekta akihama ile sura mapema kidogo tu kicheko kimekufa, akichelewa nacho kinapoa. Kujua ni wakati gani uiache sura na wakati gani uhame, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Halafu kuna hili la picha mbovu. Watu wanaona vipande vya 1949 au 1950 vina ukungu wanasema kamera za enzi hizo zilikuwa hovyo. Hapana. Mwaka 1949 Levy alihamia Los Angeles kutoka kampuni ya TV ya CBS ya New York kuongoza kipindi cha Ed Wynn, mchekeshaji mkongwe wa jukwaani, na wakati huo hakukuwa bado na njia ya kurusha matangazo ya TV laivu kutoka pwani ya magharibi hadi ya mashariki, njia hiyo ilifunguka Septemba 1951. Kwa hiyo walichofanya ni kuweka kamera ya filamu mbele ya skrini ya TV, wanairekodi ile skrini, kisha filamu inasafirishwa kwenda stesheni za mashariki. Hiyo nakala ndiyo tunayoiona leo. Watu wa Los Angeles waliokuwa wanatazama laivu walipata picha safi tu. Na kwenye kipindi hichohicho ndipo Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz walipotokea Desemba 1949, Levy akiwa ndiye dairekta.

Hapo ndipo linakuja la I Love Lucy, kile kipindi maarufu cha Ball na Arnaz. Wengi wanaamini kipindi kilizaliwa vile vile tunavyokijua, filamu nzuri, kamera tatu, na kwamba Arnaz ndiye aliyebuni mtindo wa kamera tatu. Kumbe episodi ya majaribio ilirekodiwa 2 Machi 1951 kwa ile njia ya kupiga picha skrini, Ball akiwa mjamzito, na aliyeongoza ni Ralph Levy. Kipindi kilipoanza rasmi Oktoba mwaka huo kiti cha dairekta kilikuwa cha Marc Daniels, baadaye William Asher. Na hizo kamera kadhaa za filamu kwa wakati mmoja zilishatumika kwenye TV kabla yao, sifa ya timu ya Lucy na mpiga picha wao Karl Freund ni kuufanya mtindo ukubali mbele ya watazamaji halisi, na hiyo ni sifa kubwa yenyewe haihitaji kuongezewa chumvi. Ile episodi ya Levy ilipotea karibu miaka 40, ikapatikana na kuonyeshwa CBS mwaka 1990.

Vicheko je? Si kweli kwamba vyote vilikuwa vya mashine. I Love Lucy ilikuwa na watu ukumbini. The George Burns and Gracie Allen Show, ambayo Levy aliiongoza na kuwa produsa wake, ilianza Oktoba 1950 ikiwa laivu na watu wakiwepo, kisha 1952 ikahamia kwenye filamu bila watazamaji studio, ila filamu ikikamilika walikuwa wanawaonyesha watu halisi na kurekodi vicheko vyao.

Wengine wanadhani produsa ndiye mwenye hela, hapana, hela zilitoka kwa mdhamini. Burns na Allen walikuwa na maziwa ya kopo ya Carnation, na tangazo halikukatisha hadithi, mtangazaji alikuwa mmoja wa wahusika, anaingia nyumbani kwao na kuyasifia maziwa katikati ya maongezi. Produsa ndiye wa kuhakikisha mdhamini karidhika na kichekesho hakijaharibika, na wao waliliweza hilo vizuri sana.

Mwisho wapo wanaodhani watu wa kizazi cha Levy walipotea TV ya laivu ilipokwisha. Levy mwaka 1960 alipata Emmy, tuzo ya TV ya Marekani, ya uongozaji, yeye na Bud Yorkin, kwa vipindi maalumu vya Jack Benny, 1962 akaongoza episodi ya kwanza ya The Beverly Hillbillies, na 1964 akaongoza filamu ya sinema, Bedtime Story, akiwa na Marlon Brando na David Niven. Alifariki 2001.