Kokoto chini ya ndoo hazikaushi udongo

Wengi wanaopanda chainizi, spinachi au giligilani kwenye ndoo huanza kwa kutandika kokoto chini ili maji yasituame. Wazo lina mantiki, maana barabara na misingi ya nyumba hufanyiwa hivyo.

Ndani ya ndoo mambo ni tofauti. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye nafasi kubwa za kokoto. Hung'ang'ania mpakani mpaka udongo wa hapo ulowe kabisa. Kwa hiyo sentimita 5 za kokoto huinua tope kwa sentimita 5, karibu zaidi na mizizi. Kwa masika ya Mbeya, yanayodumu kuanzia Novemba hadi Aprili, mizizi hukosa hewa, ikaoza, na majani yakawa ya njano. Mtu hudhani mbolea imepungua!

Jaribu mwenyewe. Lowesha sponji, ilaze kwenye kiganja mpaka iache kudondosha maji, kisha isimamishe wima: itadondosha tena. Kimo ndicho kinachosukuma maji, na kokoto hupunguza kimo cha udongo.

Ndoo ya lita 20 itobolewe matundu 6 ya sentimita 1, iinuliwe juu ya vipande vya tofali. Changanya udongo sehemu 2, samadi iliyooza sehemu 1, mchanga wa mto sehemu 1. Samadi mbichi huunguza miche. Ukihofia udongo kumwagika, kipande cha chandarua kuukuu juu ya matundu kinatosha.