Gekiga ni nini?

Gekiga ni tawi la katuni za Kijapani lililowalenga vijana na watu wazima: hadithi za uhalifu, ufukara, aibu na upweke, zisizo na haja ya kumchekesha mtu. Jina hilo, yaani "picha za tamthilia", lilianzishwa mwaka 1957 na mchoraji Yoshihiro Tatsumi (1935–2015), mzaliwa wa Osaka. Hakutaka kazi yake iitwe manga, jina la kawaida la katuni za Kijapani, kwa kuwa wakati huo manga kwa Wajapani wengi ilikuwa burudani ya watoto.

Wengi huieleza gekiga kama uasi wa kisanaa. Mimi naona ilianzia sokoni. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vitabu vilikuwa ghali, hivyo watu walivikodi kwenye maduka ya kashihon, yaani vitabu vya kukodi: unalipa senti chache, unasoma, unarudisha. Miongoni mwa wateja walikuwemo vijana wa viwandani, na hao walishachoka na hadithi za kitoto. Wachapishaji wadogo wa Osaka wakaichangamkia nafasi hiyo. Tatsumi na wenzake wakaandikia mkusanyo wa hadithi za upelelezi ulioitwa Kage, yaani Kivuli, ulioanza 1956. Malipo yalikuwa kiduchu na kazi ilitakiwa haraka. Mwaka huohuo Tatsumi alichora kitabu kizima, kisa cha watoro wawili waliofungwa pingu moja, kwa takriban siku 20.

Mbinu zake alizitoa kwenye sinema. Tukio la dakika moja linaweza kula kurasa kadhaa, mtu akitembea tu, bila maneno. Lakini nguvu yake hasa imo kwenye hadithi fupi za miaka ya 1970. Katika mojawapo, mpiga picha anaingia Hiroshima baada ya bomu na kukuta ukutani vivuli vilivyochomwa na ule mwanga: kijana akimkanda mama yake mabega. Picha inampatia jina, inageuka alama ya amani, hata sanamu inajengwa. Miaka inapita, kisha anajitokeza mtu anayesema yule mwana ni yeye, na yu hai. Kivuli ni cha rafiki yake, ambaye yeye mwenyewe alimtuma amnyonge mama. Hakuna wa kumpenda hapo, na Tatsumi hakupi pa kupumulia.

Mwaka 1959 wachoraji wanane, akiwemo Takao Saito, waliunda kikundi cha Gekiga Kobo na kuwatumia wachapishaji tamko lao. Kikundi hakikudumu, jina likadumu, tena likawaponyoka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 karibu kila katuni yenye damu na ngono iliitwa gekiga, jambo lililomkera Tatsumi. Jarida la Garo, lililoanzishwa 1964, liliwapa nafasi wachoraji wasiotaka kufuata soko, ila si kila kilichochapwa humo ni gekiga. Watu huvichanganya sana.

Tatsumi mwenyewe alisahaulika kwa muda mrefu nyumbani. Kumbukumbu zake, kitabu cha kurasa zaidi ya 800, kilishinda mwaka 2009 tuzo yenye jina la Osamu Tezuka, bingwa wa manga ambaye Tatsumi alimhusudu tangu utotoni. Miaka miwili baadaye, mwongozaji wa Singapore Eric Khoo alitengeneza filamu ya katuni kuhusu maisha yake na hadithi zake.