Usiichomeke kwanza: kapasita za pawa saplai ya kompyuta ya zamani

Ilikuwa Novemba, malori ya korosho yanashuka kutoka Tandahimba, mzee mmoja alipofika bandani kwangu hapa Chikongola, Mtwara. Nyuma yake alikuwepo kijana aliyebeba kompyuta ndani ya gunia la katani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii ilikuwa ya ofisi, nilipostaafu wakaniachia. Ina barua zangu na hesabu za misimu yote. Haijawashwa tangu mwaka 2001. Hebu ichomeke tuone kama bado inapumua."

Nikamwambia siichomeki leo, wala kesho. Aliniangalia kama mtu aliyekosea duka. Nilimpa maelezo mafupi kwa sababu alikuwa anawahi gari la kurudi. Haya hapa ndiyo marefu, kwa ajili yake na kwa yeyote aliye na mashine kama ile juu ya kabati.

Ilikuwa mashine yenye prosesa ya 386, kasha la chuma la kulala, pawa saplai ya wati 200. Huku kwetu ni nadra kukuta kompyuta ya zamani kuliko hiyo, na sababu ipo: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, kwa hiyo zile mashine ndogo za mwanzo wa miaka ya themanini, ambazo wenzetu wa Uingereza na Marekani walikuwa nazo sebuleni, sisi zilitupita. Ninazoletewa mimi ni za mwanzo wa miaka ya tisini, na nyingi zilishatumika kwingine kabla ya kuvuka bahari. Hiyo ya kuvuka bahari ina hatari yake, nitaifikia.

Ndani ya pawa saplai, umeme wa ukutani wa volti 230 unageuzwa kuwa DC, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu, na kuhifadhiwa katika kapasita mbili nene zenye jumla ya volti 325 hivi. Transista zinaukatakata umeme huo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha kwenye transfoma ndogo, na upande wa pili zinatoka volti 5, 12, na zile hasi mbili. Huko mwisho kuna kapasita nyingine zinazoulainisha umeme uliokatwakatwa kabla haujafika kwenye bodi kuu ya kompyuta.

Kapasita ifikirie kama pipa la maji nyumbani. Bomba linatoa kwa mafungu, lakini ninyi mnachota wakati wote, na pipa ndilo linalowafanya msihisi kukatika. Sasa pipa linaweza kuharibika kwa njia mbili. La kwanza ni kupungua ujazo. La pili, ambalo mafundi wengi hawalipimi, ni koki kuziba: maji yamejaa, ila hayatoki kwa kasi inayotakiwa. Kule kuziba kwa koki ndiko tunakokuita ESR, ukinzani wa ndani wa kapasita. Mita ya kawaida inaweza kukuonyesha maikrofaradi (kipimo cha ujazo wa kapasita) 2,200 kamili, ukasema kapasita ni nzima, kumbe koki imeziba na kompyuta inajizima kila diski inapoanza kuzunguka. Ukitaka kufanya kazi hii kwa dhati, nunua mita ya ESR kabla hujanunua kitu kingine chochote.

Koki inaziba kwa sababu kapasita ina umajimaji. Ndani yake kuna karatasi nyembamba za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa elektroliti, na chini imefungwa kwa kizibo cha mpira. Umajimaji ule unapenya kwenye mpira kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na joto ndilo linaloharakisha. Kapasita iliyoandikwa nyuzi 105 na saa 2,000 imeahidiwa saa hizo ikiwa imekaa kwenye nyuzi 105 hasa. Kila ukiipunguzia nyuzi 10, umri wake unakuwa mara mbili. Ikifanya kazi kwenye nyuzi 65 umeshuka hatua nne: 4,000, 8,000, 16,000, mpaka saa 32,000. Iliyoandikwa nyuzi 85, kwa joto lilelile, inaishia saa 8,000, ambazo hazifiki hata mwaka mmoja wa kuwaka mfululizo. Sasa linganisha ofisi yenye kiyoyozi cha nyuzi 22 na chumba cha bati hapa Mtwara mwezi wa Januari, nyuzi 32. Tofauti ni zile kumi. Chumba peke yake kimekula nusu ya umri.

Basi mtu atauliza: kama joto ndilo linaua, mashine iliyolala kabatini miaka ishirini si imepumzika? Haikupumzika. Kinachotenganisha pande mbili za kapasita ni utando mwembamba mno wa oksidi juu ya alumini, na utando huo unatunzwa na umeme wenyewe. Kapasita ikikaa miaka mingi bila volti, utando unadhoofika. Ukiichomeka ghafla, umeme unavuja ndani kwa ndani, elektroliti inachemka, gesi inajaa na kapasita inapasuka.

Na kuna nyingine mbaya zaidi, ile ya kuchuja umeme pale waya wa ukutani unapoingia. Katika mashine nyingi za zamani ni kapasita ya karatasi iliyofunikwa kwa plastiki ngumu ya rangi ya asali. Plastiki ile inapasuka nyufa nyembamba kama udongo wa ziwa lililokauka, na kupitia nyufa hizo karatasi inanyonya unyevu. Sisi tunaishi kwenye unyevu: Shangani, Mikindani, Lindi mjini, upepo wa bahari unaingia mpaka ndani ya sanduku la nguo. Kapasita hiyo ikipata volti 230 inalipuka na kujaza chumba moshi mzito unaonuka wiki nzima. Na kwa kuwa katika baadhi ya mashine imewekwa kabla ya swichi, haikungoji uwashe. Kuchomeka tu kunatosha. Hii ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kumkatalia yule mzee, na nilipofungua nikaikuta, imejaa nyufa pande zote.

Niliahidi kusema kuhusu kuvuka bahari. Nyuma ya pawa saplai nyingi kuna kiswichi chekundu chenye 115 na 230. Kikiwa 230, zile kapasita mbili nene zinagawana volti 325, kila moja inabeba kama 162, na zenyewe zimeandikwa volti 200, kwa hiyo ziko salama. Kikiwa 115, mzunguko unabadilika na kila kapasita inajazwa peke yake kwa kilele kizima cha umeme wa ukutani. Kwa umeme wetu, hizo ni volti 325 ndani ya kapasita ya 200. Zitalipuka mbele ya macho yako. Mashine iliyotoka Marekani inakuja na kiswichi kikiwa 115, na hakuna anayekiangalia. Mimi nikishahakikisha kiko 230, ninakibandika gundi ya moto juu yake kisisogezwe tena.

Kabla ya kugusa bodi ya pawa saplai, chomoa waya, subiri, kisha toa umeme uliobaki katika kila kapasita nene kwa resista (kipande kinachoupunguza umeme kasi) ya kiloomu 10, wati 5, iliyoshikwa kwa koleo lenye mpira, sekunde thelathini kila moja. Halafu pima kwa mita uone imebaki karibu sifuri. Usitumie bisibisi. Najua wengi wanatumia, na cheche inawafurahisha, lakini inachoma njia za bodi, na mkono ukiteleza umeme ule unaua. Usiseme pia kwamba kuna resista ndani zinazoutoa wenyewe. Zipo, lakini nimeshakuta zilizokatika.

Kuhusu vipuri, mimi huagiza Kariakoo na vinakuja kwa basi. Maikrofaradi ziwe zilezile au zizidi kidogo, volti zisipungue kamwe, joto liwe nyuzi 105, na kwa upande wa kutokea umeme ziwe za ESR ndogo zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Kapasita za kung'oa kwenye televisheni mbovu siziweki. Unabadilisha mgonjwa kwa mgonjwa. Ile ya kuchuja ukutani lazima iwe na alama ya X2, na ndogo za buluu zinazoshuka kwenye kasha la chuma ziwe za daraja la Y kama zilivyokuwa. Hizo zimeundwa zikifa zisikuache umeguswa na umeme wa ukutani kupitia kasha. Hapo hakuna mbadala.

Sasa nifike kwenye kosa ninaloliona kuliko yote. Fundi anafungua, anakuta kapasita mbili zimevimba kichwa, anazibadilisha, inakataa kuwaka, anasema transfoma imekufa. Kapasita zinazozuia pawa saplai ya aina hii kuanza mara nyingi hazivimbi. Ni vijikapasita viwili vidogo kama punje ya hindi, kuanzia maikrofaradi 1 mpaka 10, vilivyokaa ubavuni mwa transista kubwa za kukata umeme, palepale kwenye joto la kipoza chake. Kazi yake ni kuzisukuma transista hizo. Vikikauka, transista hazipati msukumo wa kutosha: pawa saplai inabaki kimya, au inaanza ukiwa umeiwasha mara ya tano, au inaanza mchana wa jua kali na kukataa asubuhi ya baridi. Ya mzee vilipima ESR ya juu kupita kipimo cha mita yangu, na kwa macho vilikuwa vipya kabisa. Bei yake haifiki ya chapati. Badilisha zote zenye umajimaji, hata zinazopendeza.

Unapong'oa, piga picha kwanza. Mstari kwenye ganda la kapasita hizi ni upande wa hasi. Kapasita za tantali, ukizikuta kwenye bodi kuu, mstari wake ni chanya, na hapo watu wengi wameunguza. Ukipitisha chuma cha kulehemu ukasikia harufu ya samaki, hujakosea, ni elektroliti iliyovuja inaungua. Simamisha kazi, safisha bodi kwa spiriti mpaka harufu iishe, maana inakula shaba.

Kujaribu, weka balbu ya zamani ya waya, wati 60 au 100, kwa mfululizo na waya wa ukutani. Balbu ikimulika mara moja na kufifia, salama. Ikibaki inang'aa, kuna shoti, na balbu imekuokolea fyuzi na transista. Pawa saplai hizi hazipendi kuwaka bila mzigo, kwa hiyo kwenye volti 5 ninafunga balbu ya breki ya gari. Kisha napima: 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25, na 12 kati ya 11.4 na 12.6. Ukirudisha plagi mbili za bodi kuu, nyaya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati. Ukizigeuza unaua bodi.

Mzee alirudi wiki ya tatu. Betri ya kwenye bodi nilikuwa nimeshaing'oa, nayo ilikuwa imevuja. Tuliiwasha pamoja, kumbukumbu ikahesabiwa, diski ikavuma, na barua ya kwanza tuliyofungua ilikuwa ya msimu wa mwaka 1996. Aliisoma yote amesimama. Nikamnakilia mafaili yake, kisha akauliza kama sasa airudishe kabatini. Nikamwambia airudishe, lakini kila mwezi aiwashe nusu saa, ule utando ndani ya kapasita upate umeme wake.