Pensheni Jamii haiulizi kama una mtoto Maskati

Juzi bi mmoja kanirudishia fomu ya Pensheni Jamii kama niliyempa kitu cha haramu. “Mwanangu, sisi hatujafika huko. Kijana wangu yuko Maskati, ananiangalia.” Alikuwa wa tatu wiki ile, na ilikuwa Jumatano tu.

Basi tuelewane. Pensheni Jamii, ile pesa ya kila mwezi ambayo Serikali ya Zanzibar huwapa wazee, si sadaka, wala si ya masikini peke yao. Tangu ilipoanza Aprili 2016, kinachotazamwa ni miaka 70 na ukaazi: uwe umeishi Zanzibar si chini ya miaka 10 tangu ulipotimiza 18. Hakuna anayekuja kuhesabu mikarafuu yako. Mwalimu mstaafu mwenye pensheni yake ya ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar) anapata, muuza urojo anapata, na mwenye ghorofa Mji Mkongwe naye anapata. Watu wanaichanganya na TASAF, mpango wa kusaidia kaya masikini, ambako kaya huchujwa na majina kujadiliwa kwenye mkutano. Huku hakuna mchujo, na ndiyo maana maombi ni mepesi. Ukitaka kupima umasikini wa mtu utahitaji mashahidi, karatasi, na majirani wenye midomo.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba hao hao wanaoona haya ndio wanaomwomba mjukuu nauli ya daladala kwenda Mnazi Mmoja kupima presha. Pensheni hii ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kisha ikapandishwa hadi 50,000. Si utajiri, lakini nauli utajilipia mwenyewe.

Wengine huniletea visababu. “Sheha hanipendi.” Asikupende. Anachotakiwa kiongozi huyo wa shehia ni kukutambua kuwa mkaazi wake.

“Mama hatoki kitandani, tutampelekaje?” Hapelekwi. Anateua mtu wa kumpokelea. Mimi husema mteueni binti, si yule kijana wa bodaboda mwenye madeni.

“Umri wangu unajulikana mtaa mzima, mwaka wa Mapinduzi nilikuwa nimeshakhitimu Kurani.” Nakuamini, bi mkubwa. Lakini kinachosomwa ni tarehe iliyoandikwa kwenye kitambulisho, na hapa ndipo wengi wanapokwama wakiwa tayari na fomu mkononi. Kitoe ukitazame ukiwa na miaka 68, usingoje 70. Nimeona kimoja kinachomfanya mwenyewe awe mdogo kwa miaka minne kuliko nduguye aliyemfuata ziwa.