Cheti cha mofini kimepotea: kwa nini dirishani hupewi dawa papo hapo

Sanduku la maoni la hospitali yetu siku hizi limejaa lalamiko moja: mgonjwa kapoteza cheti cha dawa, kafika dirishani, karudishwa kwa daktari. Mmoja ameandika kwamba tulimwona teja. Pole sana. Kama mfamasia niliye upande wa pili wa dirisha, naomba nieleze.

Tunazungumzia dawa tiba zenye asili ya kulevya na ndugu zake: mofini ya maji ya kutuliza maumivu ya wagonjwa wa saratani, pethidini ya maumivu makali, fenobabitali ya kifafa, diazepamu ya kutuliza wasiwasi na degedege. Zinabanwa na mikataba ya kimataifa ya 1961 na 1971, na hapa Tanzania kuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Sura ya 95. Mofini hata nchi haijiagizii tu. Kila mwaka makadirio ya mahitaji hupelekwa kwenye bodi ya kimataifa ya kudhibiti dawa za kulevya iliyoko Vienna. Ndiyo maana kila chupa inayotoka ina mstari wake kwenye rejista: jina, namba ya faili, kiasi, daktari, sahihi ya aliyepokea, salio. Salio likipishana na chupa zilizo kabatini, anayeitwa kujieleza ni mfamasia.

Sasa, kupoteza karatasi ni jambo moja, kupoteza dawa ni jambo jingine. Karatasi ikipotea kabla hujachukua dawa, tunaangalia rejista kuhakikisha cheti hakijatumika, daktari anaandika kwenye faili kwamba cha kwanza kimefutwa, kisha anatoa kipya chenye tarehe ya siku hiyo na maneno kwamba kinachukua nafasi ya kilichopotea. Cha zamani ukikiokota baadaye chini ya godoro, kirudishe. Usikipeleke duka la dawa.

Na picha ya cheti kwenye simu haikubaliki. Hili tumelisema mpaka tumechoka. Picha moja inaweza kuzunguka maduka matano asubuhi moja, na mwenye simu akaapa kila mahali kwamba ndiyo mara ya kwanza. Kubadili kiasi au tarehe kwa kalamu ni kughushi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inataja kifungo cha hadi miaka saba. Msituombe tufumbe macho kwa sababu "ni sifuri moja tu".

Dawa zenyewe zikipotea, njia ni ndefu kidogo. Chupa iliyovunjika, lete kilichobaki chenye lebo. Iliyoibwa, pita polisi kwanza uje na taarifa ya upotevu. Daktari atakuona upya, na mara nyingi atakuandikia za siku chache badala ya mwezi mzima. Hiyo si adhabu.

Ninachoogopa zaidi ni anayeona aibu akakaa nyumbani. Fenobabitali ikikatishwa ghafla, degedege linaweza kurudi mfululizo bila mgonjwa kuzinduka, na aliyezoea mofini atapata maumivu pamoja na kutapika na kutetemeka. Njoo siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Usiku na wikendi yupo daktari wa zamu. Ukimtuma ndugu, aje na kadi yako ya kliniki na kitambulisho chake, maana sahihi kwenye rejista itakuwa yake.