Nyuki wakiuma mbwa yako, angalia fizi kabla ya kuangalia uso

Juzi jioni simu inalia, ni mama mmoja wa huku Kadutu, Bukavu, anaongea huku analia: Dokta, mbwa yangu imevimba kichwa mpaka macho hayaonekani, nyuki wameiua! Nikamuuliza, mama, iko inatembea? Iko inatembea. Imetapika, imeharisha? Hapana. Basi inua mdomo wake wa juu uniambie fizi, ile nyama ya meno, iko na rangi gani. Kimya kidogo, kisha: Dokta, iko pinki. Finya na kidole halafu achilia, inakuwa nyeupe kisha pinki inarudi haraka? Inarudi. Hapo na mimi nikapumua, nikamwambia nakuja, usipande nayo pikipiki kwa haraka, iweke ndani kwenye kibaridi na kila dakika tano uangalie tena ile nyama ya meno mpaka nifike.

Lakini kuna mzee mmoja wa upande wa Kabare, mwaka jana, mbwa yake iliumwa na nyuki mmoja tu, kwenye mguu. Mmoja. Uso haukuvimba hata kidogo ndio maana hakuogopa, aliona inatapika akafikiri imekula kitu kibaya, ikaharisha, ikalala, akangoja. Walipoileta kwangu masikio na miguu vilikuwa baridi na fizi nyeupe kama karatasi, na sikuweza kuirudisha. Bado naifikiria ile mbwa, sababu ingekuja nusu saa mapema ingekuwa hai.

Naandika hii juu ya hao wawili. Watu wanaogopa uso kuvimba, na kweli unatisha, lakini mara nyingi uso uliovimba unapona wenyewe siku moja au mbili. Kinachoua mbwa kwa haraka hakionekani usoni. Kila mnyama ana sehemu ya mwili ambayo aleji inapiga zaidi, kwa mbwa ni ini na matumbo: mishipa ya ini inajibana, damu inabaki imefungiwa tumboni, presha inashuka, ndio maana dalili ya kwanza inaweza kuwa kutapika, kuharisha (wakati mwingine na damu), kulegea, kisha kuanguka. Mara nyingi hayo yote yanaanza ndani ya nusu saa ya kwanza. Na mbwa iliyoumwa zamani bila shida yoyote isikupe moyo, aleji inaweza kuja mara ya pili au ya tano.

Kwa hiyo fizi. Zoea kuziangalia leo wakati mbwa yako iko mzima, ujue rangi yake ya kawaida. Ukifinya, rangi inatakiwa kurudi kabla ya sekunde mbili kuisha. Kama mbwa yako ina fizi nyeusi kwa asili, na ziko nyingi hapa kwetu, vuta chini kope la jicho uangalie ile nyama ya ndani. Ikiwa nyeupe au ya kijivu, au rangi inachelewa kurudi, au mbwa inapumua kwa sauti kama inakoroma, usinisubiri nyumbani, kuja nayo.

Sasa turudi kwenye ile dakika yenyewe. Nyuki wetu wa Afrika mara nyingi hawaji mmoja mmoja. Yule wa kwanza akiuma anaacha harufu, inafanana na ndizi iliyoiva, na hiyo harufu inaita wenzake waje kuuma palepale, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutoka pale, si kutibu. Funika kichwa chako na nguo au kitenge, fungua mbwa, kimbieni ndani, funga mlango. Usipungepunge mikono, na usitupe mbwa ziwani, nyuki watangoja juu ya maji. Kama wako wengi kabisa na mbwa iko kwenye mnyororo, usiende bila kujifunika, nimeona watoto wakiumia vibaya sana kwa kufungua mbwa. Nyuki waliobaki ndani ya manyoya mkiwa tayari ndani, wamwagie maji ya sabuni, sabuni inaziba vitundu vyao vya kupumulia wanakufa haraka, ila macho na pua ya mbwa uvikinge.

Halafu miiba. Nyuki wa asali akiuma anaacha mwiba pamoja na kifuko cha sumu, na hicho kifuko kinaendelea kusukuma sumu kama moyo mdogo hata nyuki mwenyewe ameshakwenda. Nyigu haachi mwiba, usipoteze muda kuutafuta. Wengi tulifundishwa usivute na vidole, kwarua na kitu bapa, na mimi niliwahi kufundisha hivyo, lakini sumu nyingi inaingia ndani ya dakika ya kwanza, kwa hiyo mtu anayezunguka nyumba nzima kutafuta kisu au kadi anaharibu zaidi kuliko yule aliyevuta na kucha. Toa na chochote ulicho nacho. Angalia puani, kwenye midomo, ndani ya masikio, katikati ya vidole, na ulimi, maana mbwa inajaribu kula nyuki na ikiumwa ndani ya mdomo uvimbe unaweza kuziba njia ya hewa.

Kama ni nyuki mmoja au wachache na fizi ziko sawa, weka kitambaa cha maji baridi dakika kumi hivi, pumzisha, tena weka. Setirizini ile ya famasi inasaidia kwa kuwashwa na uvimbe mdogo, mimi natumia miligramu 1 kwa kilo mara moja kwa siku, yaani kidonge cha 10 kwa mbwa ya kilo 10, lakini piga simu kwanza kwa daktari wa mifugo na usome boksi, isiwe ile iliyochanganywa na dawa ya mafua. Na jueni kwamba setirizini haizuii mbwa iliyoanza kuanguka. Hiyo inataka adrenalini kwenye msuli wa paja, miligramu 0.01 kwa kilo, mbwa ya kilo 20 ni mililita 0.2 tu ya ile ampuli ya miligramu 1 kwa mililita, na serumu, yaani maji ya dripu, kwenye mshipa. Hiyo ni kazi yetu, ndio maana nasema kuja haraka.

Vitu naomba muache, na naomba kwa moyo wote. Ibuprofeni, diklofenaki, parasetamoli: usiipe mbwa dawa yako ya maumivu, hizi zinaharibu tumbo, figo na ini, na figo ndio kitu tunachotaka kulinda hapa. Maziwa na mafuta ya mawese mdomoni "kutoa sumu": sumu haiko tumboni, iko kwenye damu, na mbwa iliyolegea mafuta yanaingia mapafuni. Petroli juu ya ngozi inachoma. Na kuchanja na wembe uweke jiwe nyeusi, hapana, unaongeza kidonda juu ya mwiba na jiwe halivuti kitu.

Sasa mbwa iliyoshambuliwa na kundi zima ni jambo lingine kabisa, hapa si aleji tena, ni wingi wa sumu. Kipimo tunachotumia ni miiba kama 20 kwa kila kilo ndio inaweza kuua, mbwa ya kilo 15 ni kama 300, lakini mimi singoji hesabu hiyo, ikizidi makumi kadhaa naiweka serumu na inalala kwangu. Sababu karibu nusu ya ile sumu ikikaushwa ni melitini, na melitini inapasua chembe nyekundu za damu, zile zilizopasuka zinakwenda kuchujwa kwenye figo na kuziharibu. Hii inakuja polepole. Miaka yangu ya kwanza ya kazi nilitoa mbwa kubwa ya ulinzi irudi nyumbani jioni ileile, ilikuwa inakula, uvimbe umeshuka, mwenyewe anafurahi, na mimi nikafurahi naye. Siku ya pili inakojoa kama chai ya rangi, siku ya nne imekufa. Hakuna aliyekuwa ameangalia mkojo sababu mimi sikumwambia aangalie. Siku hizi kila mwenye mbwa namwambia: siku tatu, angalia mkojo, angalia kama inakunywa, kama macho yanakuwa ya njano.

Tena karibu mbwa zote nilizopokea zimeshambuliwa na kundi zilikuwa zimefungwa. Mbwa iliyo huru inakimbia, ya mnyororo inasimama pale inakula miiba yote. Kiangazi hiki, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, maji yanakuwa shida, nyuki wanakuja mpaka kwenye sahani ya maji ya mbwa, watu wanachoma majani, wanakata mikaratusi, nyuki wanakasirika. Usifunge mbwa chini ya mti wenye nyuki, wala karibu na mzinga wa jirani, na siku mnafyeka kwenye parseli, yaani kiwanja cha nyumba, ingiza mbwa ndani kwanza. Kama lazima ufunge, tumia kamba yenye fundo la kuvuta, na ncha yake ndefu iishie mlangoni, uweze kuifungua bila kusogea.

Yule mama wa Kadutu, siku ya tatu asubuhi alinitumia picha kwa WhatsApp. Haikuwa picha ya mbwa, ilikuwa ya mkojo juu ya simenti ya parseli, njano safi, na chini yake ameandika: Dokta, iko sawa?

Iko sawa, mama.